Kilima Kilichoachwa na Matrekta

Mwanangu wa mwisho amenunua hema la mtumba. Wiki iliyopita alilitandaza sebuleni kwangu, akasukuma meza pembeni, akaanza kuunganisha vyuma vyake huku akinieleza kwamba yeye na wenzake wanakwenda kwa gari hadi Hanang kupanda mlima, na njiani hawataki kulipia gesti hata moja. "Mama, si wewe ni mtu wa huko? Tuambie sehemu za kulala bure." Nilitaka kumjibu kwa utani, lakini harufu ya lile turubai zito ilikuwa imeshanifika puani, harufu ile ile ya turubai tulilolalia njiani nikiwa mtoto. Nikaenda jikoni, nikajifanya naangalia maharage.

Watu wa rika langu mliokulia bara mtanielewa. Zamani zile kulala bure njiani hakukuwa jambo la kutafutwa, kwa sababu pa kulipia hapakuwepo. Ukitoka kwetu Tumati kuteremkia tambarare za Hanang, ulilala ulipokutwa na jioni, na sehemu zenyewe zilijulikana. Kulikuwa na uwanja wa kanisa, kama katekista ni mtu mwema. Kulikuwa na veranda ya shule wakati wa likizo. Na ukishaingia kwenye mashamba ya ngano ya serikali, ulijitahidi ufike getini kwa walinzi, ambako kulikuwa na taa ya jenereta na moto ndani ya pipa, na msafiri hakufukuzwa. Baba aliyajua hayo yote kwa kuwauliza madereva wa malori kabla hatujaondoka nyumbani. Alikuwa mtu wa kuuliza sana, mpaka mama alikuwa akimcheka.

Tulisafiri kwa sababu ya mdogo wangu Ombeni. Alikuwa bado anajifunza kutembea, na kifua chake kilikuwa kibovu. Kule juu baridi ya asubuhi haina huruma, na kila ukungu uliposhuka alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Mganga wa zahanati alimwambia mama waziwazi kwamba mtoto huyu akikutwa na baridi nyingine ya huku hatutakuwa naye, tumpeleke chini kwenye joto. Baba mkubwa alikuwa amehamia Balangdalalu huko chini na alituma salamu kwamba nafasi ipo. Basi baba akampakia punda mizigo, mama akamfunga Ombeni mgongoni kwa khanga na kipande cha blanketi, nami nikapewa sufuria nibebe. Nilipewa na kazi nyingine moja: tukilala, nisikilize kikohozi cha Ombeni, na nikisikia kimekatika ghafla nimwamshe mama. Sijui kama mama alijua amempa mtoto mzigo wa namna gani. Nilikuwa nasinzia nikisikiliza.

Na juu ya hofu hiyo kulikuwa na nyingine, niliyopewa na shangazi yangu wakati ananisuka nywele za safari. Alisema huko chini wapo Wamang'ati. Ndivyo tulivyowaita Wabarbaig, bila kujali kwamba wenyewe jina hilo hawalipendi. Alisema wana mikuki mirefu kuliko mlango wa nyumba, na wakiona mtoto wa Kimbulu aliyenona wanamchukua, wanamlea, anasahau hata lugha ya mama yake. Shangazi alisema huku anacheka na kunivuta nywele. Mimi nilimtazama Ombeni mapajani kwa mama, mashavu yake yamevimba kwa homa, nikaona amenona.

Kanisani tulilala vizuri. Katekista alitupa kuni na hakuuliza maswali. Veranda ya shule ilikuwa na upepo, na Ombeni alikohoa mpaka alfajiri. Asubuhi baba alimwambia mama avumilie, jioni ile tungelala getini kwa walinzi penye moto wa pipa.

Siku hiyo ndiyo tuliingia kwenye ngano. Mimi nilikuwa nimezoea nchi yenye mwinuko na mteremko, vijishamba vilivyogawanywa kwa minyaa na mifereji, ambapo kila mtu anajua jiwe la mpaka wake. Hapa hapakuwa na kitu. Ngano ilikuwa imekauka, imekuwa ya rangi moja, na ilikwenda mbele na nyuma mpaka macho yakachoka. Mbali sana kombaini zilikuwa zikinguruma ndani ya vumbi, nasi hatukuziona. Baba alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Alikuwa akichuma suke, analisugua viganjani, anapuliza makapi, anatuonyesha punje. "Mama Martina, tazama! Mkate wa nchi nzima huu." Mama alimjibu kwamba mtoto hali suke, atembee.

Punda alianza kuchechemea mchana ule. Jua liliposhuka tulikuwa bado tunaiona nguzo ya taa ya getini kwa mbali, ndogo, haisogei. Upepo ukaanza, na ule upepo wa tambarare mwezi wa saba hauna cha kuuzuia. Ombeni alikohoa mfululizo, halafu akawa anavuta pumzi kwa sauti ya mlango mbovu. Alihitaji moto, na moto ndicho kitu ambacho hukuweza kuwasha pale. Madereva walikuwa wamemwonya baba vikali: ukikutwa na kiberiti ndani ya ngano kavu, utalala rumande na mkeo na punda wako.

Ndipo baba akakiona kilima. Kilikuwa pembeni kidogo ya njia, katikati ya ngano, kifupi na cha mviringo, kina majani makavu na mti mmoja. Matrekta yalikuwa yamekizunguka, yakaacha duara ambalo halikulimwa. Baba alikizunguka naye, akapiga mluzi. Hakuna ua, alisema, hakuna mfereji, hakuna jiwe la mpaka, hakuna jembe lililopita. Kwa mtu wa kwetu, ardhi ya namna hiyo haina mtu. "Hapa hata serikali imepakataa," akasema. "Hapa hapana mwenyewe. Shusheni."

Lazima niseme jinsi baba alivyofanya kazi vizuri jioni ile, maana alikuwa mkulima hodari na hakujua kulala mahali bila kupatengeneza. Alipara majani yote juu ya kilima ili moto usitambae. Alichimba shimo la moto. Alichimba mfereji mdogo kuzunguka turubai, kama alivyozoea kwetu kwenye mvua, ingawa mawingu hayakuwepo. Alipigilia vigingi kwa jiwe, akaniita nimshikie kila kigingi kisiyumbe. Juu kabisa kulikuwa na miti mikavu imechomekwa ardhini kwa mpangilio, imeoza chini, nyingine imeanguka. Baba alisema ni mabaki ya zizi la zamani, akaing'oa, na ikawaka vizuri sana. Mama alimkalisha Ombeni karibu na makaa, na ile sauti ya mlango mbovu ikapungua, tukala ugali tukiwa tunacheka. Nililala nimeshiba na nimepata joto, nikisikiliza kikohozi.

Kulipoanza kupambazuka nilitoka nje kujisaidia, na nilipoinua uso niliona watu wawili wamesimama. Mmoja alikuwa bibi kizee aliyevaa vazi la ngozi lenye nyuzi nyingi, shaba imemzunguka mikono hadi kwenye kiwiko, na ameshika kibuyu. Nyuma yake alikuwa mwanamume mrefu mwenye shuka jeusi na mkuki. Bibi hakuniangalia mimi. Aliangalia majivu, akaangalia pale ilipokuwa imechomekwa ile miti, akatoa sauti ndogo kooni ambayo mpaka leo sijui niiite nini. Nilirudi kinyumenyume mpaka nikaliangukia turubai, nalo likamwangukia baba.

Baba alitoka akiwa na majani kichwani. "Shikamoo mama," alimwamkia bibi. Bibi hakuitikia, na kwa mtoto wa kwetu, mkubwa asiyeitikia shikamoo ni jambo la kutisha kuliko mkuki.

"Wewe unatoka wapi?" yule mwanamume aliuliza kwa Kiswahili cha taratibu.

"Tumati. Tunapita tu, ndugu yangu. Tuna mgonjwa."

"Huko Tumati watu wanawasha moto juu ya baba zao?"

Baba hakuelewa. Alitazama kilima, akatazama watu.

"Huyu ni mama yangu," yule mtu alisema. "Mimi naitwa Gidamis. Hapa ni kwa baba yangu. Mama amemletea maziwa ya asubuhi, amekuta jivu."

"Tulifikiri hapana mwenyewe," baba alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda juu ikawa ya kijana.

"Mwenyewe yuko hapo chini. Umempiga vigingi."

Baba akakaa chini palepale, halafu akakumbuka amekaa juu ya nani, akainuka upesi, hajui akanyage wapi. Kwa umri wangu mimi sikufikiria kaburi. Makaburi niliyoyajua yalikuwa ya kanisani, madogo, yenye msalaba. Nilichoelewa ni kwamba chini yetu alilala mzee ambaye tulimgongea vigingi mwilini usiku kucha, na kwamba mimi ndiye niliyevishikilia. Nikaficha mikono ndani ya gauni.

Mama ndiye aliyefanya kitu. Aliteremka hadi mwisho wa kilima, akatafuta majani mabichi, na katika kiangazi kile hayakuwa mengi, akang'oa kidogo aliyoyapata, akarudi akasimama mbele ya bibi akiyashika kwa mikono miwili. Kwetu na kwao pia, mwenye majani mabichi mkononi anaomba amani. Bibi alimtazama muda mrefu. Mkuki wa Gidamis ulikuwa umesimama ardhini karibu na punda wetu. Ndipo Ombeni, huko mgongoni, akaanza kukohoa.

Bibi alimpa mwanawe kibuyu. Akazunguka nyuma ya mama, akaweka sikio kwenye mgongo wa Ombeni, akasikiliza. Kisha akasema kitu kwa lugha yao na kunyoosha mikono, na mama, mama yangu mwenyewe, akafungua khanga akampa.

Niliona kila kitu kwa uwazi mkubwa. Tumeharibu mahali pao, nao wamechukua mtoto kulipia. Shangazi alikuwa amesema kweli. Bibi alianza kuondoka na Ombeni begani, anashika njia nyembamba ndani ya ngano, na baba hakumzuia, alikuwa amezuiwa yeye kwa kutazamwa tu na Gidamis. Mama alinishika bega kwa nguvu. "Mfuate," aliniambia kwa Kiiraqw, lugha yetu ya Kimbulu. "Usimwache ndugu yako. Sisi tuna kazi hapa." Nikauliza kama watatuua. "Mfuate," akarudia.

Basi nikamfuata. Ngano ilikuwa imenizidi kimo, na nilichokiona ni ngozi ya yule bibi ikipepea mbele na kichwa cha Ombeni kikiruka begani kwake. Nilikimbia nikilia kimyakimya, nikiogopa kumpoteza na nikiogopa kumfikia. Boma lao lilikuwa pale ngano ilipoishia, limezungushiwa miiba, na mlangoni palikuwa padogo ikanibidi kuinama. Wanawake wakaja wakanizunguka. Mmoja alinigusa nywele zangu alizosuka shangazi akacheka. Niliwaza kwamba wananipima na mimi.

Ndani palikuwa na giza, moshi na joto la ndama waliofungwa pembeni. Bibi alimvua Ombeni nguo zote, akampaka samli ya moto kifuani na mgongoni, akamsugua kwa viganja mpaka mtoto akang'aa, na shaba za mikono yake zikawa zinalia. Akamnywesha maziwa yaliyochemshwa na magome fulani, machungu, maana Ombeni alikunja uso akataka kutapika. Mimi nilipewa ya kwangu kwenye kibuyu kidogo. Niliyashika tu. Niliamini nikinywa nitasahau lugha, na nilihitaji lugha ili nimwite mama. Nikawa nasema moyoni majina ya vitu vyote vya nyumbani, moja baada ya jingine, kuhakikisha bado ninayo.

Kisha kikohozi kikakatika.

Hakikupungua, kilikatika. Nilisubiri kirudi, hakikurudi. Ombeni alikuwa amelazwa kwenye ngozi ya ng'ombe, macho yamefumba, mdomo wazi. Nilikuwa nimeambiwa nimwamshe mama, na mama hakuwepo, alikuwa kule upande wa pili wa ngano ile yote, na mimi nilikuwa nimemleta mdogo wangu mpaka ndani ya nyumba hii akafie humu. Nilipiga kelele ambayo iliwafanya ndama waruke. Nilimrukia bibi, nikampiga, nadhani nilimng'ata mkono, nilihisi shaba kwenye meno. Wanawake walisimama wote. Bibi hakunipiga. Alinishika shingo kwa nyuma kama anavyoshikwa mtoto wa mbuzi, akaniinamisha mpaka sikio langu likagusa kifua cha Ombeni chenye samli, akanizuia hapohapo.

Alikuwa anapumua. Pumzi ilikuwa inaingia na kutoka bila mlango mbovu, bila chochote. Sikuwahi kumsikia mdogo wangu akilala hivyo tangu azaliwe. Nililia upya, na bibi akacheka, meno yake machache, akanitemea mate kidogo kwenye paji la uso. Siku hizo sikujua kwamba hiyo ni baraka, kwa hiyo nilijifuta.

Baba na mama walifika mchana, vumbi hadi kwenye kope. Walikuwa wamefukia mashimo yote kwa mikono, bila jembe, Gidamis akiwaonyesha. Mfereji umefukiwa, majivu yamechotwa na kupelekwa mbali. Mama alimchukua Ombeni na kumnusa kichwani, akakaa chini na hakutaka kuinuka. Baba aliomba msamaha tena, na bibi kupitia kwa mwanawe akasema kwamba mume wake alipokuwa hai hakuna mgeni aliyelala na njaa kwake, kwa hiyo hakudhani amekasirika sana. Ila alisikitikia ile miti. Waliichomeka siku za mazishi yake, na wote waliokuja kuichomeka hawakuwepo tena.

"Kwa nini trekta zilipaacha?" baba aliuliza.

"Mama alilala mbele ya trekta," Gidamis alisema. "Hapo tu. Kaburi la babu yangu hakuliwahi, wakalilima. La babu wa babu yangu pia." Alionyesha ngano kwa kidevu, huku na huku, bila kutaja ni wapi hasa. Baba aliitazama ngano. Katika mfuko wa koti lake kulikuwa na punje alizozisugua jana, nami nilimwona akiutoa mkono mfukoni.

Ombeni alipona, nisije nikakuweka roho juu. Joto la Balangdalalu lilimfaa, na leo ana kitambi na wajukuu na anakohoa kwa sababu ya sigara tu. Lakini ninapokumbuka safari ile, kinachonirudia ni jioni ya siku hiyohiyo, tulipofika hatimaye pale getini tulipopatamani sana.

Kila kitu kilikuwa kama madereva walivyosema. Taa ilikuwa inawaka, pipa lina moto, na mlinzi alikuwa mtu mchangamfu mwenye koti kubwa la kazi. Alimsalimia punda kabla ya kutusalimia sisi. "Karibuni, laleni hapo kwenye ukuta, upepo haufiki. Msisogelee matangi ya dizeli tu." Mama alikuwa ameshaanza kumfungua Ombeni, hewa ilikuwa imeshapoa. Baba hakushusha mzigo.

"Samahani, kaka," alisema. "Hapa ni kwa nani?"

Mlinzi alicheka. "Kwa serikali, mzee. Kwani wewe ulifikiri kwa nani?"

"Na kabla ya serikali?"

Sijawahi kuona cheko likimtoka mtu usoni upesi namna ile. Mlinzi aligeuka akatazama ofisi nyuma yake, dirisha lililokuwa na mwanga, halafu akamtazama baba kuanzia viatu hadi kofia. Alikuwa mtu mzima, ana rungu, ana taa, na niliona wazi kwamba anaogopa. "Nani amekutuma, hao Wamang'ati wanaodai ardhi?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Hakuna. Nauliza tu, ili nijue nalala juu ya—"

"Mzee, chukua watoto wako uende. Sijakuona. Nenda."

Mama alimfunga Ombeni tena. Nilitegemea amgombeze baba, na nilitaka amgombeze, maana moto ulikuwa pale pale unawaka na mdogo wangu alikuwa ametoka kupona mchana huohuo. Tulitembea mpaka mwanga wa taa ukaisha miguuni mwetu. Kando ya barabara palikuwa na nafasi tupu, ardhi tambarare, haina kilima wala mti, hapakuwa na dalili ya mtu. Baba alisimama ukingoni. Hakuingia. Akavua kofia, akaishika kifuani, akasema kuiambia ile ardhi tupu, "Hodi."

Tukasubiri. Upepo ulipita kwenye ngano. Baba akapiga hodi ya pili, akainamisha kichwa kusikiliza, nami nikamshika punda shingo kwa mikono miwili, nikiomba kwa Mungu kwa nguvu zangu zote asitokee wa kuitikia. Ombeni akakohoa, mara moja tu, kikohozi kidogo. Na mama, aliyekuwa amesimama gizani na mtoto mgongoni na hakuweza kusubiri zaidi, akajibu mwenyewe kwa niaba ya mwenye pale, kwa sauti ya kizee isiyokuwa yake.

"Karibuni," akasema. "Piteni."